Punda akitua mzigo anakonda kuliko alipokuwa kwenye mkokoteni. Kwa nini?

#1 Zizi la Inyala

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye uzoefu na punda au farasi mnisaidie kwenye hili.

Niko Inyala, Mbeya. Nina shamba dogo la mahindi na viazi, pembeni nimeacha kipande cha malisho na nimejenga banda. Kwa muda sasa napokea punda ambao wenyewe hawawataki tena. Wengi wanatoka Usangu, upande wa Igurusi, Chimala na Rujewa. Zamani huko gunia la mpunga lilikuwa halitoki shambani bila punda. Siku hizi pawatila na guta zimeshika kazi, kwa hiyo punda akiota kidonda begani au akianza kuchechemea anafunguliwa kamba na kuachwa azurure kando ya lami. Nakwenda kuwachukua kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nawatibu, wakipata nafuu nawatafutia nyumba ya watu wenye kazi nyepesi na moyo.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Karibu kila punda ninayemleta, vidonda vinapona, macho yanachangamka, lakini mwili unashuka. Alipokuwa anavuta mkokoteni alikuwa na nyama, akipumzika anakonda! Huyu wa sasa ni jike la kijivu, mtu mzima. Alikuja na kidonda cha nira, kidonda kimefunga vizuri, ila mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Anapata mabua ya mahindi, pumba asubuhi na jioni, mchana anatoka malishoni. Haumwi kwa macho yangu, na hori analiacha tupu.

Kuna familia Wanging'ombe inamsubiri awe anawasaidia kuchota maji. Siwezi kumtoa akiwa hivi. Mimi naamini mwili uliozoea kazi ngumu ukisimamishwa ghafla misuli inayeyuka, na inabidi tuwapumzishe kidogo kidogo. Nani ameliona hili?

#2 Msangu Halisi

Umemtoa kwenye joto la Rujewa ukampandisha Inyala mwezi wa saba, halafu unauliza kwa nini anakonda? Huyo analia na baridi dada yangu, hakuna kingine. Chakula chote anachokula anakichoma kujipasha moto. Banda lako lina ukuta upande wa upepo, au ni nguzo nne na bati?

#3 Kwato Ngumu

Kamwene wote. Niko Mafinga, kazi yangu ya miaka mingi ni kuchonga kwato, nimefanya kwa farasi na punda. Kabla ya baridi na kabla ya misuli, mtazame mdomoni.

Meno ya punda, kama ya farasi, yanaendelea kuchomoza karibu maisha yake yote, milimita mbili tatu kwa mwaka, na yanasagika kwa kutafuna. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo hayasagiki sawasawa. Ya juu yanaota makali upande wa shavu, ya chini yanaota makali upande wa ulimi. Akitafuna anajikata. Punda hapigi kelele wala hasusi, anaendelea kula taratibu huku akimeza vitu ambavyo havikusagika. Hori linakuwa tupu kweli, lakini tumboni hakuna kilichofanya kazi.

Fanya hivi kesho asubuhi. Kaa naye akila mabua. Angalia kama anaangusha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, kama anainamisha kichwa upande mmoja, kama anajaza chakula shavuni. Kisha chukua kinyesi chake ukivunje mkononi. Ukiona nyuzi ndefu za mabua na punje nzima nzima, meno hayo. Usitie mkono mdomoni bila kifaa cha kuzuia taya, atakuachia vidole viwili tu.

#4 Mama Tano wa Ilula

Minyoo. Jamani tusizunguke mbali, punda wa barabarani anakula chini, kwenye mavi ya wenzake, atakosaje minyoo? Mchome ivermectini ile ya ng'ombe, na umpitishe joshoni na ng'ombe wa jirani uue na kupe hapo hapo. Mwezi mmoja utamwona.

#5 Kwato Ngumu

Mama Tano #4, kwa minyoo niko nawe, kwa tiba sikubali kabisa, na naomba mtu mwingine asiufuate ushauri huo.

Ivermectini ya sindano ya ng'ombe haikutengenezwa kwa punda wala farasi. Inaweza kumletea uvimbe mbaya pale ilipochomwa. Ipo ya kulamba, ya mirija, kipimo chake kinakwenda kwa uzito. Na josho ndilo hatari zaidi. Majosho mengi hutumia amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, lakini kwa punda na farasi inasimamisha utumbo. Anavimbiwa, chakula kinaganda ndani, anakufa kwa tumbo huku watu wanasema karogwa. Kupe wa punda wabandue kwa mkono, au mtaalamu akupe dawa inayomfaa.

#6 Mama Tano wa Ilula

Asante kwa hilo la josho. Huku kwetu watu wanawapitisha punda na ng'ombe pamoja, nitawaambia. Ila minyoo bado naisimamia!

#7 Chumvi Mawe

Nimestaafu kazi ya mifugo, nimezunguka Iringa na Njombe. Uzi mzuri huu, watu wengi hawamwoni punda kama mfugo.

Dada wa Inyala, mimi nina shaka na hori lako. Umesema mabua na pumba. Mabua ya mahindi yakikaa shambani baada ya mavuno yanabaki kamba tupu, yanajaza tumbo bila kujenga mwili. Pumba nayo ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mnyama akilishwa pumba kila siku kwa muda mrefu, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na mwisho uso unavimba pande zote mbili. Hali hiyo inazidi kwenye nyasi kama setaria na kikuyu, ambazo huku nyanda za juu tumezipanda kila mahali kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, maana zina kitu kinachofunga kalsiamu isitumike. Ng'ombe anaimudu kwa sababu ya tumbo lake la kwanza. Punda hana tumbo hilo.

Punguza pumba. Tafuta nyasi kavu nzuri, za Rhodes zikipatikana, zilizokatwa kabla hazijakomaa sana. Majani ya maharage yaliyokaushwa vizuri ni mazuri, changanya kidogo. Weka jiwe la chumvi.

Mawili zaidi kwa wote. Mahindi au mabua yenye ukungu msimpe punda wala farasi hata kama ng'ombe wanayala. Kuna ukungu wa mahindi ambao sumu yake inaozesha ubongo wao, mnyama anazunguka duara, anagonga kuta, anakufa ndani ya siku chache. Huku kwetu mvua ikigusa mahindi yaliyokauka shambani, jambo hili lipo. La pili ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku vina dawa ya kuzuia koksidia (ugonjwa wa kuhara wa kuku) ambayo kwa farasi na punda ni sumu ya moyo, kiasi kidogo kinatosha. Nimeona mtu anampa farasi mabaki ya kuku wa nyama kwa huruma tu ili anenepe.

#8 Zizi la Inyala

Ndaga fijo wakuu. Nijibu kwa pamoja.

Msangu Halisi, banda lina ukuta wa matofali pande tatu na limepewa mgongo upande wa upepo. Usiku namtandikia maranda. Kwato Ngumu, nimekaa naye leo asubuhi. Vidonge vya majani sikuviona, ila anatafuna polepole kuliko niliokuwa nao kabla, na kwenye kinyesi kuna nyuzi kama ulivyosema. Mzee Chumvi Mawe, shikamoo, pumba napunguza kuanzia leo. Ukungu huwa nachagua mabua moja moja, hilo nilifundishwa na jirani aliyepoteza punda wake.

Lakini bado swali langu linabaki. Kwao alikuwa anakula mabua hayohayo, tena machache, na alikuwa na mwili.

#9 Nyalukolo wa Kilolo

Yuko peke yake?

#10 Zizi la Inyala

Kwa sasa ndiyo. Wengine wawili nilishawapatia nyumba. Anachunga na mbuzi.

#11 Nyalukolo wa Kilolo

Basi umelipata jibu lako. Kwetu tulikuwa na punda wawili waliokua pamoja, walivuta mkokoteni mmoja tangu wakiwa wadogo. Baba akauza mmoja kulipa ada. Aliyebaki alisimama kwenye kona ya zizi akitazama njia aliyopelekwa mwenzake. Alikuwa anakula, lakini kama mtu anayelazimishwa. Ndani ya wiki chache akaacha kabisa, akafa. Bwana mifugo alipasua, hakukuta minyoo ya kutisha wala jeraha. Alikuta ini la njano, limejaa mafuta.

Punda wa Usangu hawatembei mmoja mmoja, wanafungwa wawili au wanne. Uliyemchukua ana mwenzake huko alikotoka. Ulimuulizia?

#12 Msangu Halisi

Nyalukolo kwa kuhurumia hamjambo. Punda ana huzuni? Sisi tumekuzwa na "punda afe, mzigo wa bwana ufike". Hakuna aliyeuliza punda anamkumbuka nani.

#13 Chumvi Mawe

Msangu #12, alichokieleza Nyalukolo kinafahamika na kina sababu yake mwilini. Punda aliumbwa kwa nchi kame za kaskazini mashariki mwa Afrika, mwili wake unajua kuweka akiba. Akiacha kula, au akipunguza kula kwa sababu ya maumivu, safari, kuhamishwa au kutengwa na mwenzake, mwili unafungua akiba ya mafuta kwa kasi na kuyamwaga kwenye damu. Yakizidi, ini na figo vinaelemewa. Ukimtoa damu ikakaa kwenye chupa, sehemu ya juu inaonekana kama maziwa. Wanaokufa zaidi ni majike, wenye mimba au wanaonyonyesha, na wale wanene. Ndiyo maana hata mwenzake akifa, wanaowatunza kitaalamu humwacha aliyebaki akae na maiti mpaka mwenyewe aondoke. Akiondolewa haraka anaendelea kumtafuta, na hapo ndipo anapoacha kula.

Lakini Nyalukolo, huyo wa Inyala anakula. Ugonjwa huo dalili yake kubwa ni kugoma chakula. Kwa hiyo upweke unaweza kuwepo, ila haujaeleza mbavu.

#14 Nyalukolo wa Kilolo

Mzee, kula na kula ni vitu viwili. Amesema mwenyewe #8 anatafuna polepole.

#15 Kwato Ngumu

Anatafuna polepole kwa sababu meno yanamkata!

#16 Mvua ya Mufindi

Niongeze upande wa farasi, maana #1 imetaja punda au farasi halafu mmewasahau.

Mimi namlelea farasi mtu mwingine. Alikuwa wa kupandwa na wageni, akazeeka, mwenyewe akahama mkoa, akaniomba nikae naye mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Hajapatikana. Kulea kwa muda ni kazi ambayo watu hawaielewi. Unampenda mnyama, unamjua tabia, na kila mara anapokuja mtu kumtazama unatakiwa kusema ukweli wote, hata ule utakaomfanya mtu aondoke. Wangu anauma akifungwa mkanda wa tumbo. Nimemwambia kila aliyekuja.

Alipofika alikuwa mifupa. Kila jirani alileta debe la mahindi. Niliyarudisha. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu ukimjaza nafaka kwa mkupuo, madini kwenye damu yanavurugika na anaweza kufa akiwa anakula, siku chache tu baada ya kuokolewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walilifanyia kazi jambo hili, na walichokipendekeza ni majani makavu ya alfalfa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, nafaka zikae mbali mwanzoni. Alfalfa Mufindi hatuna ya kutosha, nilichanganya na nyasi nzuri nikawa naamka usiku kumpa.

Jioni naye namwingiza ndani kabla jua halijazama na simtoi mpaka kumepambazuka. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, na vinauma zaidi kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Farasi wengi wakiupata hawaponi. Kwa punda mara nyingi unapita bila hata wewe kujua.

Kwa hiyo dada wa Inyala, hoja yangu ni kuwa kukonda kwa mnyama aliyeokolewa si jambo moja. Wangu alianza kunenepa nilipomletea punda wa kukaa naye. Sasa mniambie kama ni nyasi, ni banda au ni rafiki.

#17 Nyalukolo wa Kilolo

Rafiki. Mwenyewe umesema alianza kunenepa alipoletewa punda!

#18 Kwato Ngumu

Mvua ya Mufindi, je, huyo farasi anakohoa?

#19 Mvua ya Mufindi

Alikohoa kidogo mwezi uliopita, nikasema ni ukungu wa asubuhi, si unajua Mufindi ilivyo. Kwa nini?

#20 Kwato Ngumu

Kuna minyoo ya mapafu ambayo punda anaweza kukaa nayo bila kuonyesha chochote, lakini ikihamia kwa farasi wanaochunga pamoja, farasi anakohoa. Kabla ya kuwachanganya punda inabidi apimwe kinyesi na apewe dawa. Sisemi ndiyo hiyo, ila usiachie ukungu lawama zote. Kinyesi cha wote wawili kipelekwe maabara, kwa Iringa kuna kituo cha wakala wa maabara za mifugo, TVLA.

#21 Mama Tano wa Ilula

Mnaona? Minyoo!

#22 Mvua ya Mufindi

Nitawapeleka wiki hii. Asante sana Kwato Ngumu.

#23 Mpita Chunya

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Huyo jike kabla ya Usangu alikuwa wapi?

Punda wanaouzwa huku wanatoka mbali. Wapo wanaopita Chunya, kwenye mapori yenye ndorobo. Nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, kwa punda haimwangushi kwa siku moja. Anakula, anatembea, anakonda taratibu, ufizi unapauka, miguu na chini ya tumbo vinavimba kidogo kisha vinanywea, homa inakuja na kuondoka. Ukimfanyisha kazi unaona mvivu, ukimpumzisha unaona anakonda. Mfunue jicho na mdomo. Kama pamepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, chukua damu ipimwe.

Na asikuchomee mtu dawa ya nagana ya ng'ombe kwa kukisia. Punda na farasi wanazimudu vibaya baadhi ya dawa hizo, kipimo cha ng'ombe kinaweza kuwaua.

#24 Msangu Halisi

Hapa sasa umesema. Kuna jamaa zetu wanatoka Chunya na punda waliochoka, wanawauza Igurusi siku ya mnada kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anamtumia msimu mmoja wa mavuno anamwachia. Dada, muulizie historia yake, mimi nitakusaidia kuuliza huku, nipe alama zake.

#25 Zizi la Inyala

Nitashukuru sana. Ana msalaba mweusi mgongoni ulio wazi, sikio la kulia lina pengo, na kovu la chapa paja la kushoto ambalo sijui kulisoma. Ufizi nimeutazama, naona uko katikati, haujapauka sana, wala si waridi kama wa mbuzi wangu.

#26 Mama Tano wa Ilula

Tupime kabla ya kubishana. Je, umejuaje kuwa amepungua? Jicho linadanganya. Chukua kamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega mpaka ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Unapata kilo.

#27 Kwato Ngumu

Mama leo umekuja na hesabu, nakupongeza. Ila hiyo ni ya farasi, vipimo vikiwa kwa sentimita. Punda ana umbo lake, itakupa kilo zisizo zake. Kwa Inyala inatosha kupima kifua peke yake kila Jumapili, kamba ileile, kabla hajala, na kuandika. Ukiona namba inashuka wiki hadi wiki hapo tuna ushahidi.

Na shingo isiwadanganye. Punda akishawahi kunenepa, mafuta yanakaa shingoni na kugeuka magumu, hayaondoki hata mwili ukiisha. Pitisha vidole kwenye mbavu na uti wa mgongo.

#28 Chumvi Mawe

Na manyoya ya baridi yanaficha mbavu. Huyu kama zinaonekana kwa mbali na huu ni Julai, hali ni mbaya kuliko tunavyosoma hapa.

Halafu jike. Ana mimba? Punda anabeba karibu mwaka mzima. Kama alipandwa kabla hujamchukua, mtoto anachukua chakula tumboni, mama anabaki mbavu na tumbo la chini. Hakuna aliyetaja.

#29 Zizi la Inyala

Hilo sikulifikiria. Tumbo lake ni pana, nikadhani ni mabua.

#30 Mpita Chunya

Kila siku sababu inaongezeka, hahaha. Meno, baridi, minyoo, pumba, upweke, nagana, mimba.

#31 Tembo wa Isimani

Naomba nitoke kidogo nje ya mada. Kwa nini msiwauze tu wakiwa wamechoka? Nasikia ngozi ya punda ina bei.

#32 Mvua ya Mufindi

Ndiyo ilikuwa na bei, na ndiyo maana punda walikuwa wanaibwa usiku mazizini. Ngozi inachemshwa kutoa gundi inayotumika kwenye dawa za asili za China. Biashara ile ilimaliza punda vijiji vizima kwenye nchi nyingi za Afrika, na mwanamke aliyekuwa anatumia punda kuchota maji akarudi kubeba ndoo kichwani. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Isimani maji mnayafuata mbali, mnajua wenyewe punda mmoja ana maana gani.

#33 Chumvi Mawe

Na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtwisha mnyama mzigo uliozidi, kumfanyisha kazi akiwa na kidonda au kumtelekeza ni makosa. Watu wanadhani ni maneno ya wazungu, ni sheria ya Bunge letu.

#34 Tembo wa Isimani

Nimekuelewa Mvua. Nilikuwa nauliza tu. Na kweli, mama yangu alilelewa na maji ya punda.

#35 Nyalukolo wa Kilolo

Zizi, nieleze jinsi unavyowapa watu. Mimi ningeweza kumchukua mmoja, lakini sitaki kuchukua nisiyemweza.

#36 Zizi la Inyala

Swali zuri, na ningependa kila anayetaka kusaidia aulize hivyo.

Nakwenda kwanza nyumbani kwa mtu bila punda. Naangalia maji yako wapi na yasafi kiasi gani, maana punda anavumilia kiu lakini maji machafu anayakataa, na ya baridi sana asubuhi baadhi ya punda wazee wanayakataa, tumbo linaganda. Naangalia kivuli na mahali pakavu. Manyoya yake hayamwagi mvua kama ya farasi, yanaloa mpaka kwenye ngozi, kwa hiyo mtu wa Makete au Njombe asiponionyesha banda lenye paa simpi. Nauliza nani ndani ya nyumba atakayemlisha. Mara nyingi baba ndiye anayeomba, lakini mtoto au mama ndiye atakayekuwa naye, basi naongea na huyo.

Tunaandikiana kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Hauzwi, haazimwi, havuti mkokoteni peke yake kama ni wa kufungwa wawili, na ukishindwa unanirudishia mimi, humfungulii barabarani. Kibali cha kusafirisha mifugo nakichukua kwa afisa mifugo wa wilaya. Gari liwe na mchanga au nyasi sakafuni asiteleze, na asifungwe miguu akalazwa kama gunia, hilo nimelikuta kwa macho yangu na sitaki kuliona tena. Baada ya hapo napita bila kutoa taarifa.

Kuna familia zimenirudishia, na siwalaumu. Heri arudi. Anayeniumiza ni yule aliyekaa kimya nikakuta zizi tupu.

#37 Nyalukolo wa Kilolo

Basi niandikie. Lakini nitachukua wawili au sichukui.

#38 Msangu Halisi

Nimeuliza huku. Sikio la pengo na msalaba, wanamfahamu. Alikuwa kwa mzee mmoja karibu na Chimala, akifungwa na dume jeusi. Dume bado lipo, mzee anasema nalo halifanyi kazi vizuri tangu jike liondoke, anafikiria kuliacha. Chunya hajawahi kufika, amezaliwa hukuhuku. Nyalukolo, kwa hilo la mwenzake nakupa haki yako, ila baridi bado sijaifuta.

#39 Nyalukolo wa Kilolo

Mchukueni huyo dume!

#40 Mpita Chunya

Kuzaliwa Usangu si kinga. Ng'ombe na punda wa Usangu wanapelekwa malisho mbali kiangazi. Damu ipimwe hata hivyo.

#41 Zizi la Inyala

Naleta mrejesho wakuu, samahani kwa ukimya.

Dume nimelileta, Msangu Halisi ndiye aliyelisindikiza mpaka kwenye gari, Mungu ambariki. Jike lilimsikia kabla gari halijasimama, likalia mpaka majirani wakatoka. Jioni hiyo walikula kwenye hori moja, na alikula kwa kasi ambayo sijaiona tangu aje.

Daktari wa mifugo naye alifika siku mbili baadaye na vifaa. Meno yana makali kweli pande zote mbili, na shavu la kushoto lina kidonda cha zamani. Ameyasaga. Kinyesi kimepelekwa, kina mayai ya minyoo lakini si mengi, wote wawili wamepewa dawa ya kulamba. Mimba bado hana uhakika nayo, atarudi na mashine. Pumba nimeacha, napata nyasi kutoka kwa jamaa wa Uyole. Kipimo cha kifua kimeanza kupanda, kidogo.

Familia ya Wanging'ombe nimewaeleza kuwa sasa ni wawili. Wamesema wanahitaji kupanua banda kwanza.

#42 Kwato Ngumu

Meno. Nilisema #3.

#43 Nyalukolo wa Kilolo

Alianza kula kwa kasi jioni dume lilipofika, daktari alikuja siku mbili baadaye. Soma tena.

#44 Chumvi Mawe

Na pumba ilianza kupunguzwa kabla ya wote hao. Vyovyote vile, aendelee hivyo. Dada, damu umepima?

#45 Zizi la Inyala

Damu daktari amechukua ya wote wawili, majibu bado. Nyalukolo, wakati banda la Wanging'ombe linajengwa, kuna majike wawili Igurusi, mama na binti yake, mwenyewe anataka kuwaachia baada ya kuuza mpunga. Ukiwa tayari, nije kuliona zizi lako Kilolo kabla mvua hazijaanza.

#46 Nyalukolo wa Kilolo

Karibu sana. Njoo na Kwato Ngumu akague na kwato, nauli yake nitalipa mimi.